Ombi la Kuupa Cheo Mvujo wa Mtaani Kwetu

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Maji,

Nakusalimu kwa heshima kutoka ndani ya shimo ulilonituma kuchimba. Mimi ndiye fundi bomba wako wa mitaa ya bondeni, mtu wa kuja, shule niliiachia njiani. Nikikosea, lawama zimwendee mwalimu.

Umeagiza niuzibe mvujo wa mtaani kwetu kabla ya Ijumaa, la sivyo kazi sina. Mama mwenye nyumba wangu naye amesema siku nitakayolikaza bomba hilo, nikaze na kamba za mizigo yangu. Nimekuwa kinu chini ya michi miwili. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mvujo huu ndio huduma pekee ya idara yako iliyowahi kufika huku. Koki za majumbani zinakohoa upepo tu. Mvujo hauna mgawo wala sikukuu. Wakazi wameupa jina la Mheshimiwa, ingawa wazee wawili walipinga, wakasema waheshimiwa huahidi na huyu anatoa.

2. Kinyozi wetu amepata mke kwenye foleni ya ndoo hapo hapo. Makapera waliobaki wanauliza idara imewaandalia mpango gani.

3. Mafundi watatu tunagombea spana moja, nayo meno yamekwisha. Bomba lenyewe lilizikwa kabla sijazaliwa. Vifaa hamleti, basi nafunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Nikifunga tundu hapa, mbele wanazaliwa mapacha. Mkunga wa zahanati ameanza kuniangalia kwa wivu.

4. Sasa tazama mwenyewe. Kuziba kunazaa matundu, na matundu ndiyo yanayotunywesha. Naomba basi serikali isihangaike tena na mabomba mapya, iwekeze kwenye matundu. Kila mtaa upewe tundu lake, likatiwe utepe, na wahandisi wagawiwe misumari ya kutobolea. Mimi niteuliwe Mlezi wa Mvujo, nipewe viatu vya mpira, maana sasa natumia miguu yangu mwenyewe, na ruhusa ya kwenda kwetu kuwaona wanangu. Mvujo ni mtumishi asiyehitaji kusimamiwa.

5. Kama ombi ni zito, njoo uuzibe wewe. Mama mwenye nyumba anakungoja, na mwiko anao.

Nisalimie wakubwa wote wa idara, na karani wa mapokezi anayeniambia umetoka huku koti lako likiwa kitini. Msalimie na dereva wako, anayezunguka barabara ya juu ili gari lisilowe.

Ndimi mtumishi wako, angalau mpaka Ijumaa,
Fundi Bomba wa Bondeni

Nyongeza: Ndugu Mkurugenzi, yote ya juu yafute. Asubuhi hii nasikia mmewasha mashine mpya ya kusukuma maji. Hongereni sana. Bomba letu zee halikuzoea nguvu za kijana: Mheshimiwa amepasuka, ameingia ndani bila hodi, kitanda changu kinaelea, na mama mwenye nyumba yupo juu ya meza akiniamuru nizibe hata kwa kifua. Leta mabomba mapya, spana za kutosha, viatu, na fundi, mbio! Fundi ni mimi, hilo nalijua. Lakini mimi nimelikalia tundu, na nikiinuka tu, mtaa umekwenda.