Filamu Isiyo na Adui

Wananchi wote wa Kigoma-Ujiji walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya bajaji, kwamba Tamasha la Waandishi limeleta darasa la kuandika filamu, na kwamba kuanzia sasa filamu za huku kwetu mwisho wa reli hazitakuwa na mtu mbaya hata mmoja. Amani kwanza. Tangazo lilitungwa na Bwana Telesphory, Katibu wa Kamati ya Maadili ya Tamasha. Alisimama mtaani Mwanga, penye mafundi nguo, kulisikiliza likipita, mpaka kelele za cherehani zilipolimeza, na kifua kikamjaa fahari.

Mwalimu wa darasa alikuwa dada Evaline, aliyetoka Dar es Salaam. Siku ya kwanza alisimama ukumbini Ujiji akasema, "Jamani, filamu bila adui ni chai bila majani."

Telesphory akanyoosha mkono. "Mwezeshaji, kiutaratibu hatusemi adui. Tunasema mdau mwenye mtazamo tofauti."

Washiriki wakaandika hivyo hivyo.

Aliyemtoa Katibu jasho ni Mama Veneranda, mwenye duka la vitenge mtaa wa Bangwe, kando ya ziwa, mwanamke ambaye mdomo wake haukufungwa breki. Skripti yake ilihusu kijiji kilichoibiwa pampu ya maji, na stelingi, mama mmoja mkali, anayemsaka mwizi. Kila mtu ukumbini alijua habari ilikotoka. Pampu ya Bangwe ilichukuliwa mwaka jana "kwa matengenezo" na haikuonekana tena. Watu wakawa wanalitazama ziwa lote lile huku wananunua maji kwa dumu. Telesphory naye alikaa Bangwe. Alikuwa akioga kwa kopo, na kiutaratibu hakulalamika.

"Mwizi ni nani?" akauliza.

"Mwenyekiti wa kijiji."

"Viongozi hawaibi, Mama. Badilisha."

Akamweka mvuvi. Telesphory akasema wavuvi ni mhimili wa uchumi. Akamweka mfanyabiashara. Telesphory akamkumbusha nani amelipia wali wa mchana. Padri na shekhe hawakujadiliwa kabisa. Mwishowe, kwa hasira, Veneranda akamweka kiboko.

Telesphory akafikiri sana. "Kiboko ni mali ya serikali. Huwezi kumchafua."

"Basi aibe nani, baba? Upepo?"

"Upepo utaathiri utalii."

Dada Evaline akainamisha kichwa mezani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Veneranda yeye akamgeukia Katibu, sauti yake ikalainika ghafla. "Sawa. Mwizi hatakuwa na jina wala kazi. Ataitwa Mdau. Na umcheze wewe mwenyewe, maana wewe ndiye unayejua mipaka."

Telesphory akakubali, kwa ajili ya usalama wa maudhui. Hakumwambia mtu kwamba shuleni alitamani sana kuigiza, na mwaka baada ya mwaka walimpa awe mti.

Siku ya kilele, skripti zikiigizwa jukwaani, ukumbi ulifurika hadi madirishani. Mheshimiwa Rodgers, mlezi wa tamasha, alikaa mbele kwenye kochi lililofunikwa kitambaa cha maua, kipaza sauti mezani pake kikisubiri hotuba. Veneranda, aliyejipa mwenyewe nafasi ya stelingi, akapanda jukwaani na kumshika Mdau ukosi.

"Pampu iko wapi?"

"Suala hilo linashughulikiwa," akajibu Telesphory, kama ilivyoidhinishwa.

Watu wakaguna. "Iko wapi?" akarudia Veneranda, na safari hii ukumbi mzima ukauliza naye. Telesphory akaona macho yote yale yamemwelekea yeye, si mti, yeye, na damu ikamchemka. Maneno yaliyoidhinishwa yakamtoka kichwani. Akatafuta mahali popote, mbali na ziwa na mbali na mheshimiwa yeyote.

"Kalinzi!" akanguruma. "Ipo Kalinzi, inamwagilia shamba la kahawa!"

Mheshimiwa Rodgers akaruka kwenye kochi. "Nani kakwambia?"

Kipaza sauti kilikuwa kimewashwa. Swali lile lilisikika mpaka kwa wauza samaki wa migebuka nje ya geti.

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, na ukumbi ukamfuata. Mshereheshaji, ambaye yeye hufuata ratiba hata nyumba ikiungua, akasema, "Na sasa mgeni rasmi amkabidhi tuzo mwandishi bora, Mama Veneranda."

Mheshimiwa akapanda na kumkabidhi, jasho likimtiririka. "Skripti nzuri," akasema kwa sauti kavu. "Tatizo, mwisho wake haujakamilika."

"Kweli kabisa, Mheshimiwa. Mwisho tunakwenda kuupigia picha Kalinzi. Lori la mume wangu lipo hapo nje, limeshawashwa. Tunakusubiri wewe tu utuonyeshe njia."

Watu walikuwa tayari wamesimama, kina mama wanakaza vitenge viunoni. Mheshimiwa akamgeukia mtu pekee aliyebaki wa kumwokoa. "Katibu! Kanuni zinasemaje?"

Telesphory akaiwazia kazi yake. Akawazia na kopo lake la kuogea. Halafu akakohoa, akaweka tai sawa.

"Kanuni, Mheshimiwa, hazijasema lolote kuhusu lori. Twende, nitakusaidia kupanda."