Maneno Kumi na Manne Mliyobandika Kwenye Picha Yangu

Kwa Meneja wa Wakala wa Picha za Safari,

Kama unasoma barua hii umekunja nne na kikombe kiko juu ya makaratasi ya watu, shusha mguu, ondoa kikombe. Unaandikiwa na mtu mzima.

Mimi ni bibi yake yule mpiga picha wa safari aliyewaletea picha kumi mwezi uliopita, mzipime muone kama mtamwakilisha na kumtafutia wanunuzi. Mimi pia ndiye picha namba saba. Yule mama aliyekaa kwenye benchi la stendi, mwavuli mkononi na kapu magotini, ndiye anayekuandikia kwa mkono wake mwenyewe. Niliishia darasa la nne, lakini hakuna hata moja nililorudia.

Mjukuu wangu ana mawakala wawili mbele yake. Wa pili wanapokea picha yoyote, hata ambayo kidole kimeziba nusu, na hawaulizi kitu. Yeye anawataka nyinyi. Anasema nyinyi mnachagua, na picha zenu zinaingia kwenye vitabu vya wasafiri na kuta za ofisi za safari. Anawasifu mezani mpaka chakula kinapoa. Lakini mmemwambia mkataba hausainiwi mpaka kila mtu ambaye sura yake inaonekana atie sahihi kwamba ameridhia, na mwisho ni Ijumaa. Katika picha zote kumi, sura inayoonekana ni yangu peke yangu. Kwa hiyo, Bwana Meneja, tuelewane mapema nani anamngoja nani.

Juzi aliniletea fomu yenu akanishikisha kalamu. Nikamwambia nisomee kwanza. Akasema, bibi, huo ni utaratibu tu. Nikamwambia na utaratibu nao husomwa. Akasoma, akafika chini kwenye yale maneno mliyobandika ili mnunuzi akiyaandika kwenye kompyuta picha yangu imtokee. Yako kumi na manne. Kila alilosoma sauti yake ilishuka. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Mmeandika "njaa". Mimi nina kilo themanini na mbili kwa mizani ya zahanati, na muuguzi alinipandisha mara mbili kwa kutoamini. Mmeona kapu tupu mkakimbilia kuhukumu. Futeni, wekeni "ameshiba".

2. Mmeandika "kijijini". Nyuma yangu kuna lami, taa za barabarani na duka la simu lenye kibao kikubwa kuliko kitanda changu. Au mnadhani bibi akikaa mahali, kijiji kinaota chini yake?

3. Mmeandika "halisi". Hili lilininyima raha kutwa nzima. Nikamuuliza mjukuu, kwani huko kwenye makabati yao wana mabibi wa bandia? Akasema wanunuzi wa picha za safari wanalipenda neno hilo. Sawa. Basi nawe lishone kwenye shati lako, tuone utalipenda mpaka saa ngapi.

4. "Mikunjo". Nimekaa mbele ya kioo nikahesabu. Haijafika ya kuandikwa hivyo.

5. "Msafiri". Hapa mmeniharibia mtaa. Mbali nilikowahi kufika ni kung'olewa jino, na nilirudi siku hiyohiyo. Stendi nilikwenda kumsindikiza mjukuu, na picha aliipiga yeye akiwa dirishani mwa basi. Sasa jirani yangu fundi cherehani, ambaye kibanda chake kinapakana na dirisha langu na masikio yake hayana mlango, alisikia fomu ikisomwa. Tangu hapo ananiita Mama Safari. Aliniuliza kama nimewahi kuona theluji. Nikamwambia nimeiona. Unaona mlivyonifanya? Uongo nimeuanza ukubwani. Jana nimemweleza nilivyopanda ngamia, na leo amewaleta wateja wake wawili, mmoja gauni lake likiwa bado na pini, nirudie pale ngamia alipokataa kusimama. Nimerudia. Nimeongeza na ngamia wa pili.

6. Mnataka picha zake zote ziwe zenu peke yenu miaka mitatu, asimwonyeshe wakala mwingine hata moja. Marehemu mume wangu alikuwa na wivu wa kutisha, lakini yeye alikuja kwanza nyumbani tukamtazama anavyokula. Nyinyi hata kugonga hodi hamjagonga. Kwa hiyo njoo, na umlete mama yako mzazi. Tutamkalisha benchi lilelile, atapigwa picha, kisha nitambandika maneno kumi na manne ninayoyataka mimi. La kwanza nimeshalichagua.

7. "Upweke". Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Siku ile stendi ilifurika. Wapiga debe walikuwa wakivutana, mabegi yalinipita kichwani, na mwenye ndoo ya maji ya kuuza alinikanyaga, akaniomba radhi, akanikanyaga tena. Huyo fundi cherehani alikuwa amesimama kando yangu. Tazameni vizuri, kiganja chake kiko begani kwangu, mwili wenyewe tu ndio umekatwa na ukingo wa picha. Mtu mwenye kiganja cha jirani begani anakuwaje mpweke? Neno hilo lisipotoka, sahihi yangu haitoki, na mjukuu nitampeleka mwenyewe kwa wale wa pili, wasiouliza.

Nisalimie wote ofisini, kuanzia mlinzi wa mlangoni. Yule mwenye kazi ya kubandika maneno mwambieni awe anakunywa chai kabla ya kuanza, maana njaa anayoiona kwenye picha za watu naona ni ya kwake.

Ni mimi mlalamikaji,
Picha Namba Saba

N.B. Barua hii niliiacha mezani asubuhi kabla sijaifunga, kwa sababu mjukuu alikuwa anasafiri tena na ilibidi nimsindikize. Nimerudi sasa hivi. Kapu ni tupu kama siku ile, kwa kuwa chakula chote nimempitishia dirishani, na kingine amekikataa nikamsukumizia. Basi lilipokata kona nikabaki nimekaa pale benchini. Fundi cherehani aliniuliza habari za ngamia njia nzima ya kurudi, nami nilikuwa nageuka tu kutazama barabara lilikopitia basi.

Lile "upweke" la namba saba liacheni. Aliyeliandika ana macho, na mwambieni nimesema hivyo. "Msafiri" nalo liacheni, wateja wa fundi wanarudi Jumamosi. Mikunjo futeni. Fomu imo ndani ya bahasha, nimetia sahihi juu ya mstari kabisa. Msainisheni mkataba kabla ya Ijumaa, na popote mtakapomwagiza picha, mpandisheni kwenye basi linalopita stendi ya hapa, akae dirisha la upande wa benchi.