Mlinzi wa Siri wa Mwalimu Magreth

Jumanne, 8 Julai

Baridi. Upepo unang'oa kofia vichwani. Nimeanza kuandika shajara, maana watu wakubwa huandika, na mimi nimebakiza kidogo tu.

Mama Damari, mwenye gesti ninayolinda geti lake, katangaza kwamba anatafuta msimamizi wa usalama wa wageni. Wanaokuja kutazama heroe, wale ndege wa pinki wa ziwa Singidani, wameongezeka. Tunaofikiriwa ni wawili: mimi, na Miraji wa bodaboda. Miraji! Mtu ambaye sifa yake ni kusalimiana na kila mtu!

Jioni kashuka mgeni, Mwalimu Magreth, mstaafu kutoka Songea. Umri wa kunizaa. Peke yake! Mkoba kauvaa kifuani, khanga juu yake. Nikamwamkia, kisha nikampa mafunzo: asiongee na asiyemjua, asimwamini yeyote, hasa wenye kutabasamu. Kasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, mimi na yeye tumejuana lini.

Kichwa gani hicho! Nimeapa kumlinda. Akinisifu kwa Mama Damari, kazi ni yangu.

Jumatano, 9 Julai

Nimebandika tangazo mapokezi, kwa wino mwekundu. ONYO KWA WAGENI! Nimeonya kuhusu wezi, matapeli, bodaboda (hasa nyekundu, kama ya Miraji), mawe makubwa, upepo, na kuku wa kuchoma wasiojulikana walikotoka. Mtu na mkewe kutoka Dodoma wakalisoma lote, wakarudi chumbani, wakatoka na mabegi. Moja kwa moja stendi. Mama Damari kalibandua tangazo kwa mkono wake mwenyewe. Sikupenda alivyonitazama.

Mwalimu yeye hakutishika. Alimuuliza Mama Damari dereva gani anaaminika. Akaelekezwa kwa Miraji. Akachukua namba yake, akaaga, akasema anakwenda wapi na kwamba atarudi kabla jua halijazama. Na akarudi kabla jua halijazama! Simu haitembezi mkononi. Akipotea njia hasimami barabarani kushangaa. Anaingia dukani, anasalimia, ndipo anauliza. Sijawahi kuona mtu wa namna hii. Kinachouma ni kumwona juu ya pikipiki nyekundu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeamua. Ulinzi wa siri. Nitamfuata bila yeye kujua, na hatari ikitokea, mimi huyo!

Koti refu la marehemu baba mkwe. Miwani ya jua. Kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi. Na jogoo mkononi, maana nani atamshuku mtu mwenye jogoo?

Mwalimu aliingia sokoni. Nikajibanza nyuma ya madumu ya mafuta ya alizeti. Jogoo akawika. Nikambana mdomo. Akawika kwa hasira zaidi. Mwalimu akageuka, akayatazama madumu kwa utulivu, kisha akainama kumnong'oneza muuza nyanya. Nadhani aliuliza bei. Akaenda kumnong'oneza fundi viatu. Kisha mama wa samaki. Anapenda sana kuuliza bei.

Nyumbani, mke wangu Eliana kauliza jogoo wa nini. Nikamjibu ni wa kazi. Akaingia jikoni akaanza kusema peke yake kwa Kinyaturu. Eliana akishahamia Kinyaturu, mwanamume mwenye akili hulala mapema.

Ijumaa, 11 Julai

Leo nimeponea chupuchupu. Naandika hivyo hivyo.

Nilimfuata mpaka ziwani, safari hii bila jogoo. Heroe walikuwa wamejaa, ukingo mzima wa pinki. Mwalimu alikaa juu ya jiwe akiwatazama, uso unang'aa kama wa binti. Mimi nyuma ya jiwe jingine. Nikasogea. Nikasogea tena.

Ghafla, kola ikakabwa. Yule mama wa samaki! Akapiga yowe: "Ndiye huyu! Mwenye koti! Mwizi!"

Sikujua kwamba ukingo wa ziwa unaweza kuzaa watu upesi namna ile. Wavuvi. Vijana wa bodaboda, Miraji mbele. Wanawake na miiko yao ya kukaangia. Kijana mmoja kaokota jiwe, na mawe ya Singida si changarawe. Nikainua mikono juu. Akilini nikamwona Eliana, amesimama mlangoni kwetu, anapewa habari zangu.

"Weka chini!"

Sauti ya darasani. Jiwe likashuka. Mwalimu akapenya katikati ya watu wenye hasira, akasimama mbele yangu, kichwa chake kikiishia kifuani kwangu. Akawaambia aliwaomba wamwangalizie, hakuwaomba waue. Kama ni mwizi, polisi wapo. Hakuna mtu atakayepigwa kwa ajili yake. Kisha akanigeukia.

"Vua miwani."

Nikavua. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Chediel. Unanifuata kwa nini?"

"Nakulinda."

Heroe peke yao ndio walioendelea kupiga kelele. Kisha Miraji akaanza kucheka, akashikilia pikipiki asianguke, na umati mzima ukamfuata. Hata aliyekuwa na jiwe.

Kumbe aliniona tangu jana! Kila aliyemnong'oneza alimwomba awe jicho lake, kwa sababu kuna mtu wa koti anamfuata. Siku tatu tu mjini, na tayari nusu ya mji inamlinda. Dhidi yangu! Kazi safi iliyoje!

Alinishika mkono mpaka barabarani. Akasema, "Ungesema tu, mwanangu. Tungetembea wote."

Macho yamenitoka machozi kidogo. Upepo.

Jumamosi, 12 Julai

Mwalimu kaondoka na basi la asubuhi. Nilimbebea begi. Kabla ya kupanda alimwambia Mama Damari kwamba atarudi na dada zake, kwa sababu Singida mtu akimsalimia mtu, amepata ndugu. Mama Damari akamuuliza kazi ampe nani. Akasema Miraji. Akaongeza kwamba mimi nina moyo, nibaki getini, nisalimie wageni, nisivae koti.

Nimetafakari maneno hayo siku nzima. Mwanamke yule hasemi jambo bure. Miraji awe msimamizi wa wazi, anayeonekana na kila mtu. Wa siri ni nani? Nibaki getini kama mtu wa kawaida! Nisalimie, watu wasinishuku! Kanipandisha cheo mbele ya wote na hakuna aliyetambua.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani nimemwombea Mwalimu maisha marefu. Nimemwomba Mungu pia anionyeshe kosa langu, na amenionyesha. Koti lilikuwa la kahawia, na mawe ya ziwani ni ya kijivu.

Ni kweli, alisema ningesema tu. Lakini mlinzi wa siri akishasema, siri iko wapi?

Keshokutwa wanafika wageni watatu kutoka Arusha. Miraji atawapeleka ziwani. Nitakuwa nimetangulia. Gauni kubwa la Eliana, kilemba, na mwendo wa polepole. Nani atamkaba kola mama mjamzito?

Eliana yuko kwaya. Nimeshajaribu mto tumboni. Umekaa vizuri kabisa.