Wazee Thelathini na Wanne Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 6 Juni 2005. Newala
Ukungu mpaka dirishani. Mama Ziada, mkuu wa kituo chetu cha utafiti wa korosho, katangaza jambo. Mimi na mtafiti mwenzangu Cuthbert kila mmoja ana andiko lake kuhusu ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, lakini nafasi ya kwenda kulisoma mkutanoni Morogoro ni moja. Ijumaa anakagua. Atakwenda mwenye marejeo safi. Alisema hivyo akiniangalia mimi, maana mwaka jana nilinukuu kitabu ambacho hakijaandikwa.

Nitakwenda mimi! Cuthbert anatunza marejeo yake kwenye kadi, ndani ya boksi la viatu. Mimi nina Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Bruda Gasper wa misheni ya Ndanda alinipa sidii mbili, bure, na ndani yake mna programu ya kupanga marejeo. Unaijazia mwandishi, mwaka na kichwa cha andiko, orodha inajipanga yenyewe. Cuthbert kauliza kama inapalilia pia. Wivu tu.

Jumanne, 7 Juni
Kioo cheusi, herufi nyeupe. Nikaandika amri, Linux ikajibu haiijui. Nikaandika tena, kwa upole. Saa nne ikafunguka. Nzuri jamani! Visanduku vimepangana kama miche kitaluni. Niliviangalia mpaka chai ikapoa. Nikamwona akilini mtafiti wa Japani, mvua inanyesha kwao, anaandika jina langu ndani ya mabano, kisha anaweka kalamu chini na kujiuliza Newala iko wapi. Nilikaa naye muda mrefu.

Sikuingiza hata rejeo moja.

Jumatano, 8 Juni
Shida. Programu inataka jina la ukoo la mwandishi, tupu. Andiko la kwanza ni la Mzee Muharami, aliyeongoza kituo kabla ya Mama Ziada, rika la marehemu babu yangu. Nimwandike Muharami tu, kama namtuma maji? Mikono ilikataa. Kwenye kisanduku cha ukoo nikaandika Mzee. Roho ikatulia. Wazee wote thelathini na wanne nikawafanyia hivyo. Wazungu nao ni watu wazima, nikawapa Bwana. Maprofesa wakabaki Profesa. Mama Ziada ni Mama. Jina lake jingine halijawahi kupita mdomoni mwangu.

Cuthbert, akiwa dawati la pili, alilalamika kwamba vidole vimemvimba kwa kuandika. Nikampa pole, ile ya mtu anayekwenda Morogoro.

Alhamisi, 9 Juni
Maajabu! Programu imegundua yenyewe kwamba Wazee thelathini na wanne wanafanana. Ikauliza iwaunganishe wawe mmoja? Sikujua kuna mashine yenye akili kiasi hiki. Ndiyo. Mabwana? Ndiyo. Maprofesa? Akina Mama? Ndiyo, ndiyo. Orodha ya kurasa tisa ikawa nusu ukurasa, safi kama uwanja uliofagiliwa. Nikaichapa bila kuisoma, nikaipeleka.

Jioni nilitembea mpaka ukingoni mwa uwanda wa juu. Bonde la Ruvuma lote limejaa ukungu, mweupe, kimya, kama watu wameketi wakinisubiri. Nikalisoma andiko langu lote kwa sauti. Mbuzi wawili walisikiliza mpaka mwisho.

Ijumaa, 10 Juni
Mama Ziada kaniita. Shikamoo, marahaba, kaa. Hiyo kaa sikuipenda.

Akauliza huyu Bwana ni nani, aliyechunguza wadudu, salfa na udongo tangu 1938 mpaka mwaka jana bila kustaafu. Nikasema ni watu wengi, ni heshima tu. Akauliza yeye mwenyewe yuko wapi. Nikamwonyesha: Mama. Akasoma. Kumbe utafiti wake wa miaka mitano umeunganishwa na wa Mama Rose, mwalimu wa maarifa ya nyumbani kule Lukuledi, na kichwa kilichobaki ni cha Mama Rose: namna ya kutengeneza uraka, pombe ya mabibo. Mama Ziada karudi Hija mwaka huu huu! Akauliza, kwa sauti ndogo, ni lini amepika uraka. Nikasema si yeye, ni programu.

Anakwenda Cuthbert. Niliumia, niseme kweli. Niliumia mpaka nikashindwa kula. Shati la Morogoro nilikuwa nimeshalipiga pasi.

Jumamosi, 11 Juni
Nimeagizwa kurudia majina yote, matupu, na kusoma kila kitu kabla ya kubonyeza chochote. Nimetii. Kila mzee namwamkia kwanza kwa sauti, ndipo namwandika. Mzee Muharami ana maandiko saba, shikamoo saba. Ukungu umeingia ofisini. Soko halionekani, barabara haionekani, nipo mimi na watafiti tu, na sina kinyongo na mtu, hata Cuthbert. Maprofesa kumi na mmoja nimewaachia uprofesa wao. Wameusotea.

Mwisho nikaingiza andiko langu mwenyewe. Mwandishi: Silvano. Jina lilionekana pweke, kama limetoka nyumbani bila viatu. Kwenye kisanduku cha ukoo nikaliwekea Profesa. Programu ikauliza kama huyu na wale kumi na mmoja ni mtu mmoja.

Kumbe imeshaona mimi ni nani. Nimebonyeza Ndiyo.