Kodeki moja na kapu zima

Jumatatu, tarehe 4
Zimebaki siku sita. Jumapili ukoo mzima unakuja kula kwangu, na wifi amekwisha kumtangazia kila mtu kwamba marehemu mume wangu, siku ya harusi ya binti yetu, alisimama akamshukuru yeye, dada mtu. Mimi eti sikutajwa kabisa. Uongo mtupu. Video ninayo. Nimeichomeka kwenye kompyuta aliyoniachia binti yangu. Mume wangu huyo hapo, na koti lake la kahawia. Mdomo unacheza, sauti hamna. Miaka minne sijaisikia sauti ile. Nimeipiga kompyuta kofi la mgongo. Hamna.

Jumanne, tarehe 5
Wifi kaja kuchungulia. Tumeketi tukamsoma marehemu midomo. Kasema hapo katamka "dada". Nikamwambia hapo anatafuna. Kaondoka bila kuaga, na bakuli langu kaondoka nalo.

Jumatano, tarehe 6
Fundi wa kompyuta kaja, yule mwenye miwani iliyofungwa kamba. Anasema video ni nzima. Picha na sauti zimefungwa kila moja kivyake, na kinachozifungua kinaitwa kodeki. Ya picha ninayo, ya sauti ndiyo sina. Mtandao ulikuwa umekatika, basi kaniandikia jina la hiyo ya sauti kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, maana ndogo hunishinda. Mtandao ukirudi nipakue hiyo. Moja, mama, moja tu, usizoe mafurushi.
Nimeitazama ile karatasi. Jikoni nina kopo la funguo thelathini. Nani huenda mlangoni na ufunguo mmoja?

Alhamisi, tarehe 7
Mtandao umerudi. Nimepata kapu zima, kodeki mia na ishirini, bure, kitufe cha kijani. Ile ya fundi imo humo humo, sikumdharau. Nimebonyeza "kubali" mara kumi na moja. Wifi atakoma.

Ijumaa, tarehe 8
Picha imepotea. Sauti ipo, lakini kama mtu anayesukutua, hushiki hata neno. Pembeni limezuka tangazo la dawa ya upara, halifungiki. Nimezima na kuwasha mara sita. Sasa hata uso wa mume wangu sina. Nimelia kidogo, nikaosha vyombo. Kisha nikampigia fundi, nikamwambia kompyuta imeharibika yenyewe.

Jumamosi, tarehe 9
Fundi kafuta kutwa nzima. Kauliza nani kaleta mafurushi haya. Nikasema wifi. Anasema kodeki tatu zilikuwa zinagombea picha moja, na nyingine hazikuwa kodeki kabisa, takataka za matangazo tu. Kazing'oa zote, kaweka ile moja ya kwenye karatasi. Dakika mbili. Wakati anaijaribu mimi niliziba masikio. Nitaisikia kesho, mbele ya mashahidi.

Jumapili, tarehe 10
Watu ishirini na wawili sebuleni. Sauti ikatoka, ile ile, na kikohozi chake cha kuanzia. Nikashika mkono uliokuwa karibu. Ulikuwa wa wifi.
Marehemu akasema dada yake alimwogesha utotoni nusura amchune ngozi, na sasa anamwomba apumzike, ataoga mwenyewe. Wifi alicheka kuliko wote, machozi yakamtoka. Kisha marehemu akasema mkewe hatupi kitu. Ana mifuniko isiyo na sufuria, ana funguo za milango iliyobomolewa zamani. Ndiyo maana, akasema, na mimi bado nipo.
Tumeirudisha mara tisa. Ndiyo, wifi katajwa kwanza. La maana huwekwa mwisho.

Jumatatu, tarehe 11
Wifi kaja asubuhi na bakuli langu, pamoja na video nne za kwake. Zote zimefunguka bila taabu. Lakini akileta ya tano ikagoma, je? Fundi alisema moja tu. Marehemu alisema situpi kitu, tena alisema kwa kunisifu, watu ishirini na wawili wamesikia. Nimepata kapu jipya, kodeki mia tatu. Wifi kashika kipanya, mimi nasoma. Imeandikwa "kubali".
Tumekubali.