Sauti ya Stesheni na Vidonge vya Rangi ya Chungwa

Jumatatu, 6 Juni
Siku yangu imefika! Mkuu wa stesheni katuambia Ijumaa anakuja fundi wa kurekodi. Matangazo yote ya treni yatasomwa na mtu mmoja, yawekwe kwenye mashine, yasikike miaka nenda miaka rudi. Mtu huyo ni mimi. Kikwazo ni kimoja tu: Kinubi, dada ninayekaa naye chumba cha matangazo. Nimempa jina hilo kwa hasira, maana abiria wanasema sauti yake inawatoa uchovu. Mkuu atatusikiliza sote wawili Ijumaa hiyohiyo. Mwenye sauti safi ndiye atakayerekodi.
Na stesheni nzima ina mafua! Mkata tiketi anapiga chafya mpaka kioo chake kinalowa. Basi nikapiga hesabu zangu. Atakayebaki mzima ndiye mshindi.

Jumanne, 7 Juni
Nimekwenda kwa shemeji, kaka yake mke wangu, anayeuza vitamini. Kaniapia kwamba vidonge vyake vinajenga ukuta mwilini, virusi vinagonga na kurudi vilikotoka. Kopo linasema kidonge kimoja kwa siku. Nimekula kiganja kizima. Kwa nini nijenge ukuta wakati naweza kujenga ngome?
Mke wangu kanikumbusha kwamba huyo kaka yake wiki iliyopita alikuwa kitandani, hoi kwa mafua. Nimemwambia aache kuwaonea ndugu zake wivu.
Kazini nimeijaribu ngome. Nimekunywa chai kwenye kikombe cha mkata tiketi, upande uleule aliokunywa yeye. Kabaki ananikodolea macho. Kinubi kafungua dirisha la chumba chetu, kapangusa maikrofoni kwa spiriti. Mwoga huyo! Alipotoka nimelifunga dirisha. Upepo unaniharibia koo.

Jumatano, 8 Juni
Balaa! Kinubi naye ana vitamini! Nimeliona kopo kwenye droo yake nikitafuta kalamu (kalamu ilikuwa mfukoni mwangu, lakini hilo si hoja). Vidonge vya kutafuna, vya mviringo, rangi ya chungwa. Kumbe naye anajenga!
Kichwa kikachemka. Kibanda cha jukwaani kinauza pipi za mviringo, rangi ya chungwa. Ukiweka pipi na kidonge pamoja huvitofautishi. Kinubi kaenda kunawa mikono, kama kawaida yake, utafikiri anajiandaa kupasua mgonjwa. Nimevimimina vidonge mfukoni, nimejaza pipi koponi, nimerudisha kifuniko. Karudi, katafuna, katabasamu. Dhamiri imenisuta kidogo. Nikaituliza kwa kula vidonge vyake juu ya vyangu.

Alhamisi, 9 Juni
Tumbo! Sijui lina nini. Lilianza kunguruma nikiwa katikati ya tangazo la treni ya mchana, maikrofoni ikiwa wazi. Stesheni nzima imelisikia. Mzee mmoja kamuuliza mkata tiketi hiyo ni treni gani inayoingia. Nimetoka mbio, tangazo kalimalizia Kinubi.
Mkuu kaja mpaka mlango wa choo kuniuliza kama niko salama. Nimemjibu sijawahi kuwa salama kiasi hiki. Nimempigia simu shemeji nikiwa hukohuko. Kanieleza kwamba ni uchafu unatoka, niongeze dozi. Nimeongeza.
Jioni koo linawasha. Bila shaka ni virusi vinagonga ukuta.

Ijumaa, 10 Juni
Nimeamka sina sauti. Nimefungua kinywa kumsalimu mke wangu, akadhani ni bawaba za kabati. Pua bomba, macho mekundu, homa. Nimekwenda hivyohivyo. Nilipoanza kusoma, fundi kasimama akaenda kukagua nyaya. Nyaya zilikuwa nzima.
Kinubi kasoma matangazo yote bila kukwama hata mara moja. Nilitaka kulia. Nikapiga chafya.
Baadaye kaniletea maji ya moto, akaniita kaka, akanipa pole ya kweli. Nimemnong'oneza anipe siri yake. Kasema hana siri, ananawa mikono, anafungua dirisha na analala mapema. Na vidonge je? Kacheka sana. Daktari alishamwambia zamani kwamba havizuii mafua. Yeye anatafuna kwa utamu tu, na vya juzi hivi vimekuwa vitamu ajabu.

Jumatatu, 13 Juni
Nimerudi kazini. Kinubi kapandishwa cheo, yuko ofisi ya juu. Mimi nimebaki na mashine. Kazi yangu ni kubonyeza kitufe, yeye anatoka kwenye spika. Kutwa nzima ananisihi nikae mbali na reli. Imeniuma, sitadanganya.
Lakini kitandani nilipata muda wa kufikiri, na ushahidi uko wazi kabisa. Mimi nimekula vitamini zangu na zake, nikaugua. Yeye kala pipi, mzima kama chuma. Eti mikono, eti dirisha! Anadhani nitaanguka kwenye mtego huo?
Ni pipi!
Shemeji kasema kwa bahati anazo, tena za nguvu maalumu. Nimechukua kopo kubwa, nimeanza na kiganja kizima, dirisha nimelifunga. Jino la nyuma limeanza kuuma. Kesho nitamuuliza kama ana vitamini ya meno.