Mkuu wa Moto wa Jengo Zima

Jumatatu, 3 Machi
Imetangazwa leo kwamba kila ghorofa itapata msimamizi wa moto, na juu ya wote atachaguliwa mkuu mmoja wa jengo zima. Fulana ya njano inayong'aa. Kipaza sauti cha mkononi. Mamlaka juu ya kila mtu king'ora kikilia, hata mkurugenzi. Hata mkurugenzi! Ghorofa yetu nimeshapewa mimi, na nafasi ya mkuu ni yangu pia, imebaki kutangazwa tu. Mkufunzi ni mama mzimamoto mstaafu, hacheki ovyo. Mshindani ni mmoja, dada wa mapokezi, mwenye kimbelembele cha kuuliza maswali na kusubiri majibu.

Jioni nikamwambia mke wangu kwamba nimeula, mimi ndiye mkuu. Akataka kujua nimechaguliwa lini. Nikasema mambo ya ofisi hayaelezeki. Chai haijapoa, ameshampigia mama yake. Mama mkwe amefurahi, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa sababu yangu. Anakuja Jumamosi kuiona fulana.

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi ya mtungi wa kuzimia moto, uani, kwenye karai lenye moto wa kweli. Mkufunzi akasema tuvute pini, tuelekeze mpira chini kwenye kiini cha moto, tubane, tufagie kushoto na kulia. Nikajitolea wa kwanza. Nikabana mpaka kiganja kikafa ganzi. Dada wa mapokezi akaninong'oneza kuhusu pini, nikajitia hamnazo. Baadaye nikaivuta mwenyewe, kwa uamuzi wangu. Unga ukatoka wote kwa mpigo ukamwendea mhasibu, aliyekuwa amesimama mahali pabaya. Akawa mweupe pe, utosi hadi viatu. Moto ukaendelea kuwaka. Mkufunzi akanishukuru kwa kuwaonyesha wenzangu namna isiyotakiwa. Katika darasa zima, ni mimi tu niliyeshukuriwa.

Jumatano, 5 Machi
Somo la kuondoa watu. Msimamizi hutoka wa mwisho kwenye ghorofa yake. Achungulie kila chumba, vyoo na stoo, aite, ndipo ashuke kutoa taarifa kwamba watu wote wametoka. Sawa, lakini ukichungulia kila mahali utafika lini chini? Dereva wa ofisi, ambaye mimi na yeye ni chanda na pete, kanidokeza kwamba zoezi la kumpata mkuu ni Ijumaa wakati wa chai. Usiku huu nimelala chali nikicheka peke yangu. Mke wangu kahamia upande wa ukutani.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango umekamilika. Nimewatangazia watu wa ghorofa yangu kwamba kesho chai itanywewa nje, chini ya kile kibao cha mahali pa kukusanyikia, na keki ni juu yangu. Hakuna aliyeuliza sababu. Watu wakisikia keki hawaulizi. Nami nitafunga vyumba vyote kwa ufunguo mapema. Chumba kilichofungwa hakina mtu, hicho kimeshakaguliwa. Ajabu mkufunzi hajaligundua hili miaka yote hiyo.

Ijumaa, 7 Machi
Nikafunga ofisi, vyoo, stoo. Stoo sikuchungulia, ina vumbi na nilivaa shati jeupe. King'ora kilipolia tulikuwa chini ya kibao tayari, midomo imejaa keki. Ghorofa nyingine wakaja wakihema. Nikatoa taarifa kwa sauti kwamba wangu wote wapo, hakuna aliyebaki. Mkufunzi akauliza kama nimekagua kila chumba. Nikasema kila kimoja, kwa mkono wangu. Akauliza na stoo? Nikasema hasa stoo.

Akauliza mkurugenzi yuko wapi.

Kumbe alikuwa stooni kwangu, kafungwa bendeji mguuni, aigize majeruhi wa kuokolewa! Siri kama hizo zinaharibu kazi. Alinisikia nikizungusha ufunguo akadhani ni sehemu ya zoezi. Dada wa mapokezi akaninyang'anya funguo, akapanda ngazi, akashuka naye begani. Mzee alikuwa ameloa jasho, sauti imemkauka kwa kuita. Mkuu ametangazwa papo hapo, na si mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe amekuja. Nimesema fulana iko kwa fundi, inabana mabegani. Akanitazama mabega kwa muda mrefu. Kisha akasimulia habari za mkwe wake mwingine mpaka alipoondoka. Imeniuma, sitaficha.

Jumatatu, 10 Machi
Mkurugenzi kaniita. Nilijua nafukuzwa. La, kaamua kwamba kuanzia sasa, kwenye kila zoezi majeruhi atakuwa mimi, nionje mwenyewe kusubiri kuokolewa. Mkufunzi akaunga mkono haraka sana.

Nimelifikiria njiani kurudi nyumbani, na naona wamenipandisha cheo. Bila majeruhi zoezi halipo. Jengo zima linanitafuta mimi! Mke wangu ameshampigia mama yake. Na mkuu mpya ndiye atakayewajibika asiponipata, nami nitahakikisha hanipati ng'o. Ghorofa ya chini kuna kabati la chuma la mafaili ya zamani ambalo hakuna anayelisogelea. Nimelijaribu leo, natosha vizuri nikikunja magoti. Mlango wake ukijibana haufunguki kwa ndani, kwa hiyo hakuna hatari ya kuonekana. Sijamwambia mtu yeyote.